Urefu wa Rikabu katika Upandaji Farasi wa Nyikani

Rikabu ni kikuku cha chuma, na katika zama za kale hata cha mti, kinachoning'inia ubavuni mwa farasi kwa ukanda wa ngozi uliofungwa kwenye tandiko, nacho hupokea wayo wa mpandaji ili mguu wake upate pa kukanyaga. Ukanda huo una matundu na bizimu, hivyo mpandaji huweza kuufupisha au kuurefusha kadiri atakavyo, na tofauti ya matundu mawili au matatu, ambayo kwa kawaida haizidi sentimita nane, hubadili pembe ya goti, mahali pa nyonga na namna uzito wake unavyomlemea farasi mgongoni. Wapandaji wa leo wanaoshindana katika mbio za nyika, ambamo farasi hupita mashamba, vilima na vijito huku akiruka magogo, nyua na mahandaki yaliyojengwa imara yasianguke yakigongwa, hufupisha ukanda huo kuliko wanavyoufupisha uwanjani, na wengi wao huliona jambo hilo kuwa la kimaumbile lisilohitaji maelezo. Historia haikubaliani nao. Mataifa yaliyosifika kwa farasi yalihitilafiana kwa karne nyingi juu ya urefu huo, kila moja likiwa na sababu zake, na kipimo kinachotumika sasa nyikani hakikupatikana ila mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, tena kwa mabishano makali baina ya watu waliokuwa mabingwa wa fani hiyohiyo.

Sehemu kubwa ya historia ya kupanda farasi ilipita bila rikabu yoyote. Waashuri, Waajemi, Wagiriki na Warumi walipigana wakiwa juu ya farasi na miguu yao ikining'inia, na Xenophon, Mgiriki aliyeandika kitabu juu ya upandaji katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alishauri kwamba mpandaji asikae kama mtu aketiye kitini bali kama mtu aliyesimama wima huku ametanua miguu. Shauri hilo linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu linaonyesha kwamba swali la mkao lilikuwapo kabla ya kifaa kilichokuja kulijibu: mpandaji aketi au asimame? Nchini India, katika karne za mwisho kabla ya Kristo, kulitumika kitanzi kidogo cha kuingiza kidole gumba cha mguu, kitu kilichowafaa watu wapandao pekupeku katika nchi ya joto lakini kisichowezekana kwa avaaye viatu vya majira ya baridi. Rikabu kamili ilitokea China. Sanamu ndogo ya udongo iliyofukuliwa katika kaburi la mwaka 302 karibu na Changsha ina rikabu moja tu, upande wa kushoto, ambayo bila shaka ilikuwa ya kukwelea na haikutumiwa wakati wa mwendo, ilhali kaburi la Feng Sufu, mtukufu aliyezikwa mwaka 415 kaskazini mashariki mwa nchi hiyo, lilikuwa na rikabu mbili za mti wa mforosadi zilizofunikwa shaba iliyopakwa dhahabu. Kati ya sanamu ile na kaburi hili kifaa kilibadilika kazi, kwani ngazi ya kupandia ilikuwa imegeuka msingi wa kusimamia, na ni hapo tu ambapo urefu wake ulianza kuwa na maana.

Kutoka nyika za Asia ya Kati rikabu ilisafiri upande wa magharibi pamoja na Waavari, watu wa farasi waliofika Ulaya katika karne ya 6, na kitabu cha mafunzo ya kijeshi cha Bizanti kinachonasibishwa na Kaisari Maurice, ambacho kiliandikwa karibu na mwaka 600, kinaagiza kila askari wa farasi awe na rikabu mbili za chuma. Kwa Waarabu, wanahistoria wa kale walisimulia kwamba rikabu zao zilikuwa za mti na zilivunjika zilipopigwa vitani, mpaka al-Muhallab bin Abi Sufra, jemadari wa kabila la Azd mwenye asili ya Oman aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 8, alipoamuru zifuliwe za chuma wakati wa vita vyake na Makhawariji wa kundi la Azariqa. Habari hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana, maana rikabu ya kukwelea haina haja ya kuwa ya chuma. Kinachoivunja ni mtu kuitegemea kwa uzito wake wote huku akipiga na kupigwa.

Mwaka 1962 mwanahistoria Mmarekani Lynn White alidai kwamba rikabu ndiyo iliyozaa askari mzito wa mkuki wa Ulaya na, kwa njia hiyo, mfumo mzima wa mabwana na watwana wa zama za kati. Wapinzani wake walimjibu upesi na kwa hoja nzito, wakionyesha kwamba ushahidi wa nyakati haukuafiki dai lake, na leo ni wachache wanaoliunga mkono jinsi alivyolitoa. Hata hivyo mjadala huo mrefu ulikuwa na kasoro ambayo pande zote mbili zilishiriki: uliuliza rikabu ilifika lini na wapi, na haukuuliza sana ilining'inizwa kwa urefu gani, ingawa rikabu iliyo ndefu na iliyo fupi humfanya mpandaji awe askari wa namna mbili tofauti kabisa.

Katika Ulaya ya magharibi askari mzito alipanda kwa rikabu ndefu. Kitambaa kilichotariziwa cha Bayeux, kinachosimulia uvamizi wa Uingereza wa mwaka 1066, kinawaonyesha Wanormani wakiwa na miguu iliyonyooka karibu kabisa, nyayo zikiwa mbele, na tandiko lililoinuka mbele na nyuma mithili ya ukuta. Mkao huo ulikuwa na mantiki yake. Mtu aliyekumbatia mkuki kwapani na kumwendea adui uso kwa uso hupokea kishindo kinachotaka kumng'oa kuelekea nyuma, naye hukizuia kwa ukuta wa tandiko ulio kiunoni pake na kwa miguu iliyokaza mbele, wala hana haja ya goti lililokunjwa kwa sababu farasi wake haruki kitu. Huenda moja kwa moja, hupiga, husimama. Mpiga upinde wa Asia alihitaji kinyume chake. Ili mshale ulenge, mkono haupaswi kutikisika kwa mrindimo wa farasi akimbiaye shoti, na njia ya kuuepuka mrindimo huo ni kuinuka kidogo juu ya tandiko na kuyaacha magoti na vifundo vya miguu viupokee. Marco Polo alikwisha kulitambua jambo hili alipoeleza kwamba Watatari, yaani Wamongoli, na watu wengi wengine hupanda kwa rikabu fupi kwa sababu ya upinde, tofauti na Wafaransa na watu wa nchi moja aliyoipita kusini magharibi mwa China, ambao walipanda kwa rikabu ndefu.

Mila hizo mbili zilikutana ana kwa ana nchini Hispania. Waberberi wa kabila la Zenata, waliovuka bahari kutoka Afrika Kaskazini kuzitumikia dola za Kiislamu za Andalusi, walipanda farasi wepesi kwa rikabu fupi, wakarusha mikuki midogo, wakageuka ghafla na kukimbia kabla ya kufikiwa na askari mzito. Wahispania waliuita mtindo huo jineta, kwa jina la kabila hilo, na badala ya kuudharau waliuiga, hata mtu wa tabaka la juu akahesabiwa kuwa amekamilika alipoweza kupanda kwa mitindo yote miwili, ule mfupi na ule mrefu ulioitwa brida. Kitabu cha Fernán Chacón juu ya jineta kilichapishwa Sevilla mwaka 1551, wakati ambapo mtindo wenyewe ulikuwa umeshavuka Atlantiki pamoja na wavamizi wa Meksiko na Peru. Ni muhimu kueleza mpaka wa mfanano uliopo kati ya jineta na mkao wa leo. Mpandaji wa jineta alikunja goti kweli, lakini alizama ndani ya tandiko lenye kingo ndefu, na ufupi wa rikabu ulimpa wepesi wa kuinuka na kugeuka anapopiga. Haukukusudiwa kumwondolea farasi uzito anaporuka, kwa sababu kuruka hakukuwa sehemu kubwa ya kazi yake.

Kuruka kuliletwa na uzio. Katika Uingereza ya karne ya 18, sheria nyingi za bunge ziliyagawa malisho ya pamoja kuwa mashamba ya watu binafsi yaliyozungushiwa nyua za miti, mbao na mahandaki, na katika karne hiyohiyo uwindaji wa mbweha ulibadilika mwendo, kwani Hugo Meynell, aliyeongoza kundi la wawindaji wa Quorn katika jimbo la Leicestershire kuanzia mwaka 1753, alizalisha mbwa wenye kasi ambao hawakuweza kufuatwa kwa farasi aendaye polepole. Waliotaka kuwafuata walilazimika kupita juu ya nyua hizo bila kupunguza shoti. Kutokana na desturi hiyo zilizuka mbio za farasi za kuruka viunzi, ambazo mapokeo huzianzia Ireland mwaka 1752, wakati wapandaji wawili walipopimana nguvu kutoka mnara wa kanisa la Buttevant hadi ule wa Doneraile, na mbio za Aintree karibu na Liverpool, zilizopata umaarufu tangu mwaka 1839 aliposhinda farasi aitwaye Lottery.

Wawindaji hawa walikuwa hodari bila shaka, lakini walirithi mkao usiofaa kazi yao mpya. Walifupisha rikabu kidogo tu kuliko askari, na walipofika kwenye ua walisukuma nyayo mbele, wakaegemea nyuma na kushikilia hatamu, wakiamini kwamba farasi atatua kwa miguu ya nyuma au angalau kwamba miguu ya mbele, ambayo ni myembamba, itasaidika kwa kuondolewa uzito. Michoro ya karne ya 19 imejaa watu wa namna hiyo, waliolala chali juu ya migongo ya farasi walionyooshwa kama mbao. Farasi aliyerukishwa hivyo alipata mapigo mawili kwa wakati mmoja, lijamu ikimvuta kinywani alipotaka kunyoosha shingo na makalio ya mpandaji yakimwangukia kiunoni alipotaka kukunjua mgongo, na wengi wakajifunza kuruka wakiwa wamekaza mgongo na kuinua kichwa, au kukataa kuruka kabisa. Picha za Eadweard Muybridge, ambaye mwaka 1878 alimpiga picha farasi akikimbia mbele ya safu ya kamera huko California na ambaye mwaka 1887 alitoa mkusanyiko mkubwa wa picha za mwendo wa wanyama, zilifichua kwamba wachoraji walikuwa wakikosea mwendo wa farasi kwa karne nyingi, na kwamba farasi arukaye hutua kwa miguu ya mbele hata mpandaji wake ajilaze vipi.

Aliyeyageuza maarifa hayo kuwa mafundisho alikuwa ofisa wa jeshi la farasi la Italia, Federico Caprilli, aliyezaliwa Livorno mwaka 1868 na kufundisha katika shule za kijeshi za Pinerolo, karibu na Torino, na Tor di Quinto, nje ya Roma. Caprilli aliwatazama farasi wakiruka bila mtu mgongoni, akaona kwamba hawahitaji kufundishwa kuruka bali huhitaji kuachwa waruke, na mwaka 1901 alichapisha katika jarida la jeshi la farasi makala juu ya kanuni za upandaji wa mashambani, yaani nje ya uwanja wa mazoezi. Hoja yake ya msingi ilikuwa ya kijeshi kabla ya kuwa ya kimchezo. Vita, alisema, havipiganwi juu ya mchanga uliosawazishwa, hivyo miezi inayopotezwa kumfundisha farasi wa askari kukusanya mwili na kucheza hatua za madaha ni hasara, na yafaa mpandaji ajilinganishe na farasi badala ya kumlazimisha farasi ajilinganishe naye. Katika mfumo huo ufupi wa rikabu ulikuwa sharti la mambo mengine yote. Ukanda ukifupishwa, goti hukunjika na kugusa tandiko mbele, kisigino hushuka, na mpandaji huweza kuinua makalio na kupeleka kifua mbele bila kuanguka. Hapo tu ndipo mikono yake inapopata uhuru wa kuifuata shingo ya farasi, kwa sababu haishiki tena hatamu ili imsaidie kukaa.

Mwaka 1902, katika mashindano ya kimataifa ya Torino, Caprilli aliruka kizuizi cha mita 2.08 akiwa juu ya farasi aitwaye Melopo, na ushahidi wa namna hiyo uliwanyamazisha wengi ambao makala isingewashawishi. Alifariki mjini humo mwaka 1907 baada ya kuanguka kutoka mgongoni mwa farasi, akiwa ameandika machache mno, na mafundisho yake yalienea kwa vinywa na miili ya maofisa wa kigeni waliokuja kusoma Italia. Mmoja wao, Mrusi Paul Rodzianko, aliyapeleka katika shule ya upandaji ya jeshi la Ireland mwishoni mwa miaka ya 1920, na Mmarekani Harry Chamberlin aliyachanganya na aliyojifunza Ufaransa. Sifa ya kwamba Caprilli ndiye mvumbuzi wa rikabu fupi haimstahili, wala hakuidai, kwani Wazenata na Wamongoli walimtangulia kwa karne nyingi. Alichokiongeza kilikuwa mahali pa mguu: rikabu yake ilikaa chini ya mwili wa mpandaji, si mbele yake, hivyo goti lililokunjwa lilibeba uzito wote badala ya kuusukuma kwenye kiuno cha farasi.

Wakati uleule, na bila uhusiano unaojulikana na Pinerolo, uwanja wa mbio ulikuwa ukifikia jambo linalofanana. Willie Simms, mpandaji Mmarekani Mweusi, alishinda Uingereza mwaka 1895 kwa rikabu fupi na akapuuzwa. Miaka miwili baadaye alifika Tod Sloan, naye Mmarekani, aliyejikunyata juu ya shingo ya farasi na kuchekwa kama kima, hadi ushindi wake ulipowafanya waliomcheka wamwige. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 katika jarida la Science ulionyesha kwamba nyakati za ushindi katika mbio kubwa ziliboreka kwa asilimia 5 hadi 7 katika miaka ambayo mkao huo ulienea, na ulieleza sababu yake kwa kipimo: mpandaji aliyekunja magoti hujitenga na mpando na mshuko wa mgongo wa farasi, hivyo farasi hubeba uzito wake bila kulazimika kuurusha juu na kuupunguzia kasi katika kila hatua. Kwa mpandaji wa nyikani somo hilo ni la nusu tu. Mwenye kukimbia uwanja tambarare kwa dakika mbili anaweza kuwa na magoti yaliyo juu ya tandiko na asiwe na mshiko wowote wa mguu ubavuni mwa farasi, lakini anayeuendea ua kwenye mteremko anahitaji mashavu ya miguu yamwamrishe farasi anayesita, na yamshikilie yeye mwenyewe farasi akiteleza.

Mahali ambapo madai hayo yote yalilazimika kupatana ni mashindano ya siku tatu, yaliyoingizwa katika Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912 kama mtihani wa farasi wa jeshi, ambako Msweden Axel Nordlander alishinda akiwa juu ya farasi Lady Artist. Wakati huo maofisa pekee ndio walioruhusiwa kushindana. Raia walikubaliwa baadaye, na mwanamke wa kwanza, Mmarekani Lana du Pont, alishiriki Tokyo mwaka 1964. Mashindano haya humtaka mpandaji na farasi yuleyule waonyeshe hatua za madaha uwanjani, wakimbie nyikani, kisha waruke viunzi vyepesi vinavyoanguka vikigongwa, na kwa hiyo yalimweka mtu mmoja kati ya urefu wa zamani na ule wa Caprilli ndani ya siku chache. Ufumbuzi ulikuwa kuwa na matandiko mawili. La uwanjani lina bawa la ngozi lililonyooka kwa ajili ya mguu mrefu. La kurukia, ambalo Ilias Toptani, Mwalbania wa ukoo wa kitukufu, alichangia sana kuliboresha katikati ya karne ya 20, lina bawa lililokatwa kuelekea mbele ili goti lililokunjwa lisitoke nje, na chuma cha kutundikia ukanda kimewekwa mahali panapoulinganisha mguu na mwili ulioinama. Ufupishaji usiofuatana na tandiko la aina hiyo humsukuma mpandaji nyuma, na pengine ndiyo sababu wawindaji wengi wa karne ya 19 waliojaribu kufupisha rikabu waliona hasara bila kuona faida.

Kuchagua urefu wenyewe kumebaki kazi ya mwili zaidi ya hesabu. Kipimo cha kwanza, kinachofanywa mpandaji akiwa bado chini, ni kunyoosha mkono na kugusa chuma cha ukanda kwa ncha za vidole, kisha kuivuta rikabu hadi kwapani. Ikifika hapo, ukanda una urefu wa kawaida. Akishapanda, hutoa nyayo na kuiacha miguu ining'inie: rikabu ikigusa kifundo cha mguu, urefu unafaa mazoezi ya kawaida, na kwa nyika huinuliwa matundu mawili hadi manne juu ya ule wa uwanjani. Kipimo cha mwisho hufanywa katika mwendo wa shoti, ambapo mpandaji huinua makalio na kukaa hivyo kwa dakika kadhaa. Asipopata nafasi ya kutosha kati yake na tandiko, rikabu ni ndefu, na uchovu ukimjia atamwangukia farasi mgongoni. Akijikuta amening'inia juu ya farasi bila mguu wa kumkumbatia, ni fupi kupita kiasi. Urefu wa paja, ubapa wa ubavu wa farasi na nguvu za mpandaji huingia katika uamuzi huo, na wapandaji wawili wa kimo kimoja huweza kutofautiana bila yeyote kukosea.

Nyika imemrekebisha hata Caprilli. Pale ambapo farasi huruka na kutua chini sana kuliko alikorukia, au huingia majini, mpandaji aliyeng'ang'ania kuinamisha kifua mbele hutupwa kichwani pa farasi, hivyo mabingwa hutanguliza mguu kidogo, huacha hatamu ziteleze vidoleni na kurudisha mabega nyuma, mkao ambao wawindaji wa kale wangeutambua, isipokuwa kwamba goti limekunjwa na makalio hayamgusi farasi. Hadi mwanzoni mwa karne hii siku ya nyika ilikuwa na sehemu kadhaa, miendo mirefu ya barabarani, mbio za viunzi kwa kasi kubwa, mapumziko ya lazima ya dakika 10 na ndipo vizuizi vya nyikani, na mpandaji aliweza kuinua ukanda kwa ajili ya mbio na kuushusha tena wakati wa mapumziko. Olimpiki ya Athens ya mwaka 2004 iliziondoa sehemu zote za awali, na tangu hapo urefu mmoja, unaochaguliwa kabla ya kengele ya kuanzia, hulazimika kufaa shoti, mshuko, kona kali na maji.